Vumbi Lina Mahali Pake

Mgeni akipiga hodi kwenye kaya ya Ngulyati mwezi wa nane, hakaribishwi kukaa mpaka kiti kifutwe. Kigoda kilichofutwa punde tu kitafutwa tena, kwa kiganja au kwa ncha ya kanga, mgeni mwenyewe akitazama. Wote wawili wanajua kwamba vumbi litarudi kabla salamu hazijaisha, na salamu za Kisukuma haziishi mapema: ukishaitikia "mwangaluka", bado hujaulizwa habari za ng'ombe. Hata hivyo kiti lazima kifutwe. Anayemkalisha mgeni kwenye vumbi amekwisha kumwambia neno zito bila kufungua mdomo.

Ngulyati ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Mvua hukatika mwezi wa tano, na kutoka hapo mpaka Novemba nchi hukauka. Miinukoni kuna luseni, udongo mwepesi wa kichanga. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaonasa miguu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kwato za ng'ombe na magurudumu ya mikokoteni huusaga huo mweusi mpaka ukalainika kama unga wa mtama, kisha upepo huchukua zamu. Adhuhuri visulisuli hukatiza mashambani vimebeba majani makavu ya pamba na mifuko ya nailoni.

Katika mila za huku sijaona dalili kwamba kuna aliyewahi kudhani vumbi linaweza kumalizwa. Lilichofanyiwa ni kupangiwa mahali na saa. Kuna vumbi la uwanjani, halina ubaya. La kitandani ni uzembe. Likiingia kwenye chungu, hilo ni aibu ya ukoo.

Kinga ya kwanza ilikuwa ua. Kaya ya zamani ilizungushiwa minyaa, mmea wa utomvu mweupe usioguswa na mbuzi wala ng'ombe, na utomvu wenyewe ukiingia jichoni huumiza vibaya. Ua hai wa namna hiyo hauzuii upepo kabisa. Huupokea, huuchuja na kuupunguza kasi, na mchanga hudondoka hapohapo nje. Ukuta wa matofali, ambao sasa ndio fahari ya mwenye nacho, huufanya upepo uruke juu na kushukia ndani kwa kuzunguka. Aliyeng'oa minyaa akajenga ukuta huligundua hilo kiangazi cha kwanza, akiwa amekwisha kulipa fundi.

Ndani ya ua kulikuwa na msonge: kuta fupi za miti na udongo, mlango mmoja, madirisha hakuna, nyasi za paa zikishuka chini kiasi kwamba mtu mzima aliinama kuingia. Mabwana afya waliulaumu msonge kwa giza na moshi, na walikuwa na haki. Lakini upepo haukupata pa kushika. Nyumba ya bati ilileta madirisha, na pamoja nayo ule mwanya kati ya kichwa cha ukuta na bati, ambao hubaki wazi kwa sababu fedha za mwenye nyumba zimeishia kwenye kenchi. Hapo ndipo vumbi linapopita. Dawa ya watu wa kawaida ni sandarusi: mifuko hupasuliwa, ikashonwa pamoja na kutandazwa chini ya paa iwe dari. Inafanya kazi vizuri. Ila baada ya kiangazi hubonyea katikati kwa uzito wa ilichokinasa, na ole wake kijana atakayeichokoa kwa fimbo akifukuza panya.

Sakafu ya udongo nayo hutulizwa kwa kusiribwa. Kinyesi kibichi cha ng'ombe huchanganywa na maji na majivu kidogo, kikapakwa kwa kiganja kwa mikupuo ya nusu duara, mpakaji akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Nyuzi za majani yaliyopita tumboni mwa ng'ombe hushikanisha udongo, na kikikauka unaweza kufagia bila kuinua kitu. Kazi hii imekuwa ya wanawake na wasichana tangu zamani, na haina mwisho, maana wiki mbili tatu za miguu ya watoto zinatosha kuibandua. Sifa zake huwa tunaziimba sisi tusiopaka. Saruji imeipunguza kazi hiyo, ingawa saruji iliyobaniwa, mchanga ukawa mwingi, humomonyoka na kuzaa vumbi lake yenyewe.

Kufagia kuna saa zake. Uwanja hufagiwa alfajiri, upepo ukiwa haujaamka. Ndani hunyunyiziwa maji kwanza, na mara nyingi ni yaleyale yaliyokwisha kuosha vyombo, kwa sababu kiangazi wengi huyachimba maji mchangani, kwenye makorongo yaliyokauka. Usiku hakufagiwi, wazee husema unafukuza baraka. Mimi naona anayefagia gizani huwamwagia vumbi watoto waliolala na ugali uliofunikwa nusu, na sababu hiyo ingetosha hata baraka zisingetajwa.

Kwenye chakula hakuna msamaha. Viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa vibichi viwe michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, vikawa matobolwa. Bahati mbaya miezi ya kuanika ndiyo miezi ya vumbi. Kwa hiyo mahali pa kuanikia huchaguliwa kwa makini: juu ya jabali lililo wazi na kufagiwa, au kwenye chanja iliyoinuliwa, mbali na njia ya mifugo. Anayeanika chini uwanjani hajifichi, kwani siku michembe inapopikwa na kuliwa kwa karanga au maziwa ya mgando, mchanga hulia menoni. Mama mkwe hasemi kitu. Anatafuna polepole tu, kila mtu akisikia.

Nafaka ina kinyume chake. Kihenge husiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kikavishwa kofia ya nyasi ili upepo usiingize uchafu, kisha mwenye kihenge mwenyewe huchanganya majivu laini na mtama au mahindi yake. Majivu hukwangua ngozi ya wadudu nao hukaukiwa na maji mwilini. Dumuzi, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Skania kwa nguvu zake, alilitia mashakani jambo hilo, na wengi wakageukia dawa za dukani.

Pamba nayo hulala ndani na watu, maana ndiyo ada ya shule na bati la mwakani. Huchambuliwa juu ya turubai au shuka, safi kando na fifi kando. Kisha wapo wanaoichanganya na mchanga na maji makusudi ili mizani iseme zaidi. Nyumba ileile inayofuta kigoda mara mbili kwa ajili ya mgeni inaweza kumwaga debe la mchanga ndani ya pamba itakayopelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Sina namna ya kulipamba hilo.

Wachungaji wanaohama na mifugo kiangazi ndio wanaolala karibu zaidi na vumbi. Kambi yao ni turubai au nyasi juu ya miti michache na ngozi ya ng'ombe ya kulalia. Ustadi wote uko kwenye kuchagua mahali: mlango uupe upepo mgongo, kichaka kiwe upande unakotoka upepo, na zizi la miiba liwe upande unakokwenda, kwa kuwa ng'ombe wakirudi jioni huja na wingu lao. Mashariki ya hapo, Serengeti, watalii hulala katika mahema yenye zipu na nyavu, na vumbi laini hupita kwenye nyavu hizo bila taabu. Wakiamka hukung'uta mashuka. Mchungaji angewauliza kwa nini walifungulia mlango mashariki, unakotoka upepo.

Yote hayo ni kinga ya dakika za mwisho. Vumbi huanzia pale nyasi zinapokwisha, na Usukuma uliwahi kuzimaliza. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kuondoa mbung'o, pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukawatenga watu na maeneo waliyoyatunza. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake, jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, na busara yake ilikuwa kuuliza wazee. Wazee wakasimulia habari za ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikolea, chini ya ulinzi wa mila na faini za kijiji. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, umerithi sehemu yake, pamoja na mivutano ya zamani kuhusu ng'ombe wa nani waingie kwanza.

Lakini kuna siku vumbi hutakiwa. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na waganga Ngika na Gumha, huchuana uwanja mmoja, kila upande ukivuta umati kwa mbwembwe, kwa dawa na kwa miguu. Ngoma isiyotimua vumbi haiwezi kuvuta mtu. Wanawake wa kaya za jirani hufunika vyungu, huanua michembe, hufunga madirisha na kukemea watoto waliobaki nje, kisha nao huvaa kanga nzuri na kwenda kupigania nafasi mstari wa mbele.