Nada: Pombe ya Mchele na Watu wa Msimu

Ndugu msomaji, ukishuka garimoshi katika kituo cha Sumiyoshi, mjini Kobe, nchini Japani, na kuelekea baharini kwa miguu, haikuchukui muda kufika kwenye viwanda vya sake. Hapa ndipo Nada, ukanda mwembamba kati ya milima ya Rokko na bahari. Mlangoni mwa kiwanda huenda ukaona tufe kubwa la majani ya mti uitwao sugi. Hutundikwa likiwa bichi wakati pombe mpya inapokamuliwa. Kadiri miezi inavyopita hugeuka kahawia, na mpita njia hujua pombe iliyomo ndani imekomaa kiasi gani.

Lakini asubuhi ya ziara usile natto, yaani yale maharage ya soya yaliyochachushwa. Vijidudu vyake vyaweza kuharibu kazi ya kiwanda kizima, na wenyeji hawalifanyii mzaha jambo hilo.

Mama aliyewahi kupika pombe ya mtama au ulezi ataelewa upesi atakayoonyeshwa ndani. Nafaka haiwi pombe mpaka wanga wake ugeuke sukari, na kwetu kazi hiyo hufanywa na kimea. Mchele uliokobolewa, hata hivyo, hauoti tena. Kwa hiyo Wajapani huupika mchele kwa mvuke, kisha hupanda juu yake kuvu iitwayo koji katika chumba chenye joto, kwa muda wa siku mbili hivi. Ndipo hutiwa maji, mchele zaidi na hamira. Sukari huzaliwa na kuliwa papo hapo ndani ya pipa moja. Ndiyo sababu sake huwa na nguvu ya asilimia 15 au 16, karibu mara tatu ya bia.

Na maji je? Husimuliwa kwamba Yamamura Tazaemon alikuwa na viwanda viwili, kimoja Uozaki na kingine Nishinomiya, na kila mwaka pombe ya Nishinomiya ilishinda. Akabadilishana mchele, akabadilishana wafanyakazi, wapi! Mwaka 1840 akasafirisha maji ya kisima cha Nishinomiya hadi Uozaki, na tofauti ikatoweka. Maji hayo, miyamizu, yana madini yanayoilisha hamira, na chuma kidogo sana.

Kiwanda cha zamani cha Hakutsuru, kilichofanywa makumbusho mwaka 1982, kina sanamu za watu wa kimo cha kawaida wakiwa kazini. Zitazame kwa makini, ndugu msomaji mfanyakazi. Wengi wa watu hao walikuwa wakulima wa Tamba, bara ya Kobe. Mavuno yakiisha, waliaga wake na watoto, wakateremka pwani chini ya kiongozi wao, toji, wakalala kiwandani majira yote ya baridi hadi mashamba yalipowaita tena. Hapakuwa na saa ya ukutani. Muda wa kuosha vyombo au kukoroga ulipimwa kwa wimbo, na wimbo ukiisha, zamu ya kazi hiyo imekwisha. Usiku wa manane nyimbo hizo hizo zilifukuza usingizi. Wanawake, kwa muda mrefu, hawakuruhusiwa hata kuvuka kizingiti. Leo wapo wanaoshika cheo cha toji. Viwanda vikubwa sasa hupoza hewa kwa mitambo, hupika mwaka mzima na huajiri watu wa kudumu. Mtu wa msimu amebaki nadra.

Tarehe 17 Januari, 1995, tetemeko la ardhi liliangusha maghala mengi ya mbao ya Nada. Makumbusho ya Kiku-Masamune yaliporomoka, lakini vyombo vya kazi vilifukuliwa kifusini, na jengo likafunguliwa upya mwaka 1999.

Mwisho wa ziara ni kuonja. Aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi, wala dereva. Sheria ya Japani humwadhibu hata aliyempa dereva pombe. Kikombe cha wajuzi ni cheupe, chenye duara mbili za buluu ndani kwenye kitako: hapo ndipo huonekana kama pombe ni safi au ina ukungu. Nusa kwanza, onja kidogo, kunywa maji katikati. Iitwayo daiginjo imetokana na mchele uliokobolewa hadi ikabaki nusu ya punje au pungufu; hunukia kama tunda na bei yake ni kali. Mimi ningemshauri mgeni asiidharau ile ya kawaida iliyopashwa moto, hasa siku ya baridi.

Dukani huuzwa pia machicha, ambayo hutiwa katika supu au hutumika kuhifadhia samaki. Yana kilevi bado. Wasiotumia pombe, na watoto, waulizie amazake ya koji, ambayo haina kilevi: nzito, tamu bila sukari kutiwa, na mtu aliyekulia kwenye togwa hataiona ngeni.