Je, Uzito wa Moyo Wapimika?

Baba arudi kutoka kazi ya usiku, akaa kimya, chakula hakimwingii, na watoto wakicheza awafokea. Mkewe amwuliza, "Una nini?" Naye ajibu, "Ni mawazo tu." Jibu hilo si geni katika nyumba za Lubumbashi, nalo latuingiza katika habari ya leo: namna ya kupima mzigo wa moyo uletwao na kazi, ambao wataalamu huuita stresi.

Tuchukue mfano wa Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini ya mji, ambako shaba huchimbwa. Mtu akitaka kujua ni wangapi mgodini humo wanaolemewa, hawezi kuwapandisha mmoja mmoja kwenye mizani. Hana budi kuuliza. Basi huandika orodha ya maswali, na kila jibu hulipa namba. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, wala si nyepesi.

Orodha za namna hii zipo. Mwaka 1979 Robert Karasek wa Marekani alionyesha kwamba mtu huumia zaidi pale kazi imdaipo mengi naye hana uwezo wa kuamua lolote. Mwaka 1996 Johannes Siegrist wa Ujerumani alieleza habari ya jasho lisilolipwa ipasavyo, iwe kwa mshahara au kwa heshima. Maswali yaliyotokana na mafundisho hayo yametafsiriwa katika lugha nyingi. Lakini mwulize dereva wa lori kubwa la mgodini kama ana uhuru wa kuamua namna ya kufanya kazi yake. Atasema hana, na huenda akashukuru, maana amri kali za njiani ndizo zimrudishazo nyumbani mzima. Jibu ambalo ofisini Ulaya lingehesabiwa taabu, kwake ni usalama.

Kwa hiyo twaisifu njia ya Vikram Patel na wenzake huko Harare, Zimbabwe. Walianza na maneno ya wagonjwa wenyewe, kama lile la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri mno, wakatunga maswali 14 ya ndiyo na siyo, yaliyochapishwa mwaka 1997. Kwetu neno la kuanzia lingekuwa la yule baba: mawazo.

Maswali yakiisha kutungwa, hujaribiwa kwa watu wachache, kila mmoja akieleza alivyoyaelewa. "Mara nyingi" ni mara ngapi? Afadhali kuuliza: katika siku 7 zilizopita, ulikosa usingizi siku ngapi? Kisha huangaliwa kama majibu yapatana, kwa hesabu ya Lee Cronbach ya mwaka 1951. Wengi huridhika ikifika 0.70. Hata hivyo, ukiuliza jambo moja kwa maneno kumi, namba itapanda bila faida. Mizani ya sokoni isemayo kilo 2 kila siku kwa mzigo wa kilo 1 haigeuki, lakini yadanganya. Ndiyo sababu majibu hulinganishwa na kitu kingine, kama mazungumzo ya faragha na daktari asiyeonyeshwa namba ya mtu huyo.

Tena karatasi ikigawiwa na kukusanywa na msimamizi wa zamu, mwenye mke na watoto sita ataandika nini? Jina lisiandikwe, sanduku lifungwe kwa kufuli, na ufunguo ashike mtu asiye wa kampuni. La sivyo, yule baba ataandika mgodini, "Sina neno," kisha atarudi nyumbani na mawazo yake.