Bunduki na Maandamano Bunia: Nani Amlinde Raia?

Ijumaa ya tarehe 4 Septemba 2020, wapiganaji wapatao mia moja wa kundi la CODECO waliingia mjini Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, na silaha zao mikononi. Walipita barabarani mchana kweupe mpaka kwenye gereza kuu, na dai lao lilikuwa moja: wenzao waliofungwa humo waachiliwe. Shughuli za mji zilisimama, watu wakajifungia majumbani. Baada ya saa kadhaa za mazungumzo na wakuu wa mkoa, wapiganaji wale walisindikizwa kutoka mjini na kurudi walikotoka, bunduki zao zikiwa bado begani.

Mwaka huohuo, miezi kadhaa kabla, watu wengine walikuwa wamekusanyika na bunduki zao mbali sana na Ituri. Hiyo ilikuwa tarehe 20 Januari 2020, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia nchini Marekani. Watu wapatao 22,000 walikwenda kwenye makao ya bunge la jimbo kupinga sheria mpya za kudhibiti silaha. Gavana Ralph Northam alikuwa ametangaza hali ya dharura na kupiga marufuku silaha ndani ya uwanja wa bunge. Maelfu waliingia ndani ya uzio mikono mitupu, na maelfu wengi zaidi wakabaki nje, baadhi yao wakiwa wamening'iniza bunduki za kivita vifuani. Wengi walibandika kwenye makoti stika za duara za rangi ya chungwa zenye ujumbe kwamba bunduki huokoa maisha. Siku ikaisha bila risasi hata moja kufyatuliwa.

Kwa msomaji wa Bunia, habari ya Richmond ni ngumu kuamini. Mtu mwenye bunduki ya kivita anasimama karibu na polisi, anapiga kelele dhidi ya serikali yake, kisha anapanda basi kurudi nyumbani! Wamarekani wale wanategemea kifungu cha katiba yao cha tangu mwaka 1791, ambacho Mahakama Kuu ya nchi hiyo, mwaka 2008, ilisema kinampa mtu binafsi haki ya kuweka silaha nyumbani kwa kujilinda. Hata hivyo mkutano wao haukuzuia mengi. Miezi mitatu baadaye gavana alitia saini sheria kadhaa walizokuja kuzipinga, nao wakaendelea kuzipinga mahakamani na kwenye masanduku ya kura.

Kongo haina kifungu kama hicho. Sheria inayosimamia silaha za raia ni ya enzi za Mobutu, ya tarehe 3 Septemba 1985, nayo inaichukulia bunduki kuwa kitu cha kuombewa kibali, mtu hazaliwi na haki nayo. Katiba ya mwaka 2006 imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 190 inasema kwamba mtu yeyote anayeunda jeshi la binafsi au kundi la wanamgambo, au anayewapa vijana silaha, ametenda uhaini mkubwa. Wakati huohuo ibara ya 63 inampa kila Mkongomani haki na wajibu mtakatifu wa kuitetea nchi dhidi ya mvamizi kutoka nje. Wanaounga mkono raia kushika silaha hutegemea ibara ya 63, na wanaopinga hushika ya 190. Ndani ya Ituri, ambako anayekuja usiku na panga mara nyingi ni jirani wa kilima cha pili, mabishano hayo yana uzito wa maiti zilizokwisha kuzikwa.

Wanaotaka silaha wana sababu, na sababu zao hazifai kupuuzwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, washambuliaji wa CODECO waliingia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule katika wilaya ya Djugu, wakaua watu wapatao 60 kwa mapanga na risasi. Waliouawa walikuwa wamekwisha kukimbia vijiji vyao mara moja. Kambi ile ndiyo ilikuwa kimbilio lao. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei, makundi yenye silaha ya Ituri yalikutana mjini Aru na kuahidi kusimamisha vita. Kabla ya wiki mbili kwisha, tarehe 12 Juni 2023, kambi ya Lala, nayo karibu na Bule, ilivamiwa, na watu 46 wakauawa, karibu nusu yao wakiwa watoto. Huko kusini, katika wilaya za Irumu na Mambasa, waasi wa ADF waliotoka Uganda wanaua wakulima mashambani na kuchoma magari barabarani. Mzazi aliyepita katika hayo akisema kwamba laiti kijiji kingekuwa na bunduki tano watoto wangeishi, nani atamwambia anyamaze?

Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa na kuwataka vijana wajiunge na jeshi na kuunda vikundi vya kukesha, kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wanasonga mbele Kivu Kaskazini. Mwezi Mei 2023 ikatoka sheria ya kuanzisha jeshi la akiba la ulinzi. Jina Wazalendo, la raia walioshika silaha upande wa serikali, likaenea mashariki yote, na wengi waliolibeba walikuwa wapiganaji wa siku nyingi waliopata cheo kipya. Kwa kijana wa Ituri aliyekuwa akiambiwa tangu utoto kwamba raia hashiki silaha, ujumbe uligeuka: serikali yenyewe sasa inawasifu raia wenye silaha.

Lakini Ituri imekwisha kujaribu njia hiyo, na historia yake inajulikana.

Kati ya mwaka 1999 na 2003, ugomvi wa mashamba ya Djugu kati ya Wahema na Walendu uligeuka vita iliyoua makumi ya maelfu ya watu. Jeshi la Uganda, lililokuwa likikalia eneo hilo, liliwapa silaha na mafunzo watu wa pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Karibu kila kundi lilianza kwa kauli ileile ya kujilinda. Vijiji vya Walendu vilikuwa na vijana wao wa ulinzi, na humo zikatoka FNI na FRPI. Wahema walikuwa na wao, wakaishia chini ya UPC ya Thomas Lubanga. Bunduki ilikuwa na gharama zake. Chini ya UPC, familia za Wahema zilitakiwa kuchangia vita, na mchango ulikuwa ng'ombe, pesa au mtoto. Ndiyo sababu jina la Lubanga liliingia katika vitabu vya sheria vya dunia: tarehe 14 Machi 2012 alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, kwa kosa la kuandikisha na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Wengi wa watoto hao walikuwa wa kabila lake mwenyewe. Bunduki zilizotafutwa ili kuwalinda ndizo zilizowachukua.

CODECO yenyewe, kundi la upande wa Walendu, ilianza miaka ya 1970 kama ushirika wa wakulima. Nayo Zaïre, kundi la upande wa Wahema, lilipozuka miaka ya karibuni, lilijieleza kuwa la kujilinda dhidi ya CODECO. Baadaye makundi yote mawili yakatajwa katika habari za vizuizi barabarani na ushuru wa lazima kwenye machimbo ya dhahabu. Mwenye bunduki asiyelipwa mshahara na mtu yeyote atakula wapi? Atakula kwa wale aliosema anawalinda.

Bunia imewahi pia kuona upande wa pili, wa kuzuia silaha. Wanajeshi wa Uganda walipoondoka mapema Mei 2003, wanamgambo waligombania mji mtaa kwa mtaa, na maelfu ya wakazi wakajibanza karibu na kambi ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kikaingia kwa operesheni ya Artémis. Mwezi Juni kikosi hicho kilitangaza kwamba ndani ya mji hairuhusiwi kuonekana silaha isiyo yake wala ya Umoja wa Mataifa. Soko likafunguka, watu wakaanza kurudi. Kasoro ilikuwa kwamba amri iliishia pale mji ulipoishia. Vijijini mauaji yaliendelea. Kuanzia Septemba 2004 mpango wa kukusanya silaha ulifika mkoani, na zaidi ya wapiganaji 15,000 wakapita katika vituo vyake. Bunduki zilizopatikana zilikuwa chache sana kuliko watu, na wengi walizificha nzuri na kuleta kuukuu.

Anayetaka kuelewa kwa nini watu huficha bunduki na atazame Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Wakaramojong walijizolea silaha ghala la kambi ya Moroto lilipoachwa wazi Idi Amin alipoanguka mwaka 1979. Mwishoni mwa 2001 serikali ilianza kuzikusanya, na maelfu ya watu wakazitoa kwa hiari. Wanajeshi waliotakiwa kuwalinda wakapelekwa kupigana na waasi wa Kony. Matokeo yake, walioitikia wito wa kwanza waliporwa ng'ombe na majirani ambao hawakuitikia. Baadaye jeshi lilirudi kwa nguvu, na mwaka 2021 likaanza operesheni nyingine, safari hii kwa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Kosa la 2001 liko wazi. Anayesalimisha silaha lazima alindwe tangu siku ileile anapoisalimisha.

Turudi kwenye maandamano. Je, mkazi wa Bunia anayeamini kwamba kijiji chake kina haki ya kujilinda anaweza kusema hivyo hadharani kwa amani? Kwa maandishi, ndiyo. Ibara ya 25 ya katiba inalinda mikutano ya amani isiyo na silaha, na ibara ya 26 inalinda maandamano. Waandaaji wanachotakiwa ni kuwaarifu wakuu kwa maandishi. Katiba haisemi waombe ruhusa. Barua hiyo hupelekwa kwa meya, ikitaja siku, saa, njia itakayopitwa na majina ya wahusika, na nakala ya waandaaji hupigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo yenye muhuri ni karatasi ya thamani kubwa, kwa kuwa ndiyo shahidi wa kwanza polisi wakija kuuliza. Katiba inaongeza kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kushiriki maandamano, jambo linalopaswa kukumbukwa pia na wanaotangaza siku za mji mfu na kuwatisha wenye maduka wanaofungua.

Kwa vitendo, mambo yalibadilika tarehe 6 Mei 2021, pale Ituri na Kivu Kaskazini zilipowekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Huko Ituri gavana raia alitoka, akaingia Luteni Jenerali Johnny Luboya Nkashama. Amri ya rais iliwapa wanajeshi uwezo wa kupekua nyumba usiku na mchana, kudai silaha zisalimishwe na kuzuia mikutano wanayoiona ni hatari kwa utulivu. Hatua iliyotangazwa kwa siku 30 ilirefushwa na bunge siku 15 kwa 15, tena na tena, kwa miaka. Majirani wa Beni, Kivu Kaskazini, walionja ukali wake: wanaharakati zaidi ya kumi wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa Novemba 2021 wakiandamana kupinga hali hiyo, na Aprili 2022 wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Hapa ndipo penye uchungu mkubwa kwa anayeupenda mkoa huu. Vijana wa Beni waliotembea bila hata fimbo walipata jela. Wapiganaji mia wa Septemba 2020 waliofika na bunduki mpaka lango la gereza walipata mazungumzo na msafara wa kuwasindikiza. Inawezekana kabisa kwamba kuzungumza siku ile kuliokoa maisha, na hakuna mtu wa Bunia aliyetaka vita mbele ya nyumba yake. Lakini vijana huona, na hujifunza. Mkuu anayeichana barua ya maandamano anamwelekeza mwandishi wake porini, kwa kamanda atakayemsikiliza.

Sauti ya wanaotaka kujilinda inastahili kusikika barabarani Bunia, wakiwa mikono mitupu na mabango yao. Waseme kwamba doria hazifiki Bule, kwamba barabara ya Komanda inatisha, kwamba wauaji wa Plaine Savo na Lala wanapaswa kufikishwa mahakamani mbele ya watu. Bunduki kwa kila kijiji lisiwe dai lao, kwa sababu kijiji cha jirani kitadai hivyohivyo, na yaliyotokea miaka ya 1999 hadi 2003 hayahitaji kurudiwa ili yaaminike. Nayo serikali, iliyounda mwaka 2021 mpango mpya wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha katika maisha ya kawaida, isianze kwa kuomba bunduki ya mwanakijiji wa Djugu. Ianze kwa kumpelekea askari, imlipe askari huyo mshahara kila mwezi, na imwache mwanakijiji aje Bunia kuandamana siku askari huyo asipoonekana.