Jina la mtoto si tikiti ya sinema

Juma hili sina la vitabu wala la ngoma. Nina la nyumbani kwangu, na nadhani wengi wenu mna lililo mfano wake.

Binti yangu amejifungua salama, alhamdulillahi, mtoto wa kike baada ya wavulana wawili. Siku ya tatu nilikwenda kumtazama. Nikamkuta amekaa kitandani, mwana yu pajani, na udi umejaa chumba kizima. Tulipokwisha kuulizana hali akaniambia, "Baba, jina tumeshapata. Tutamwita Anjali."

Nikanyamaza. Mkwe wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye haki ya kutoa jina, alikuwa akiangalia dari.

Wapenzi wa sinema za Kihindi hawana haja ya kuelezwa Anjali ni nani. Ni jina litokalo katika Kuch Kuch Hota Hai, picha ya mwaka 1998 waliyoicheza Shah Rukh Khan, Kajol na Rani Mukerji. Humo mna mama aliyezaa binti, naye akijua kwamba hataishi, akaacha wosia mtoto aitwe Anjali, jina la rafiki wa zamani wa mumewe. Akamwandikia na barua za kusoma kila siku yake ya kuzaliwa. Binti yangu aliitazama picha hiyo akiwa mdogo na akalia mpaka leso ya mamake ikarowa. "Baba," akanambia, "ni jina la mtoto aliyeandikiwa barua kabla hajajua kusoma."

Nilifungua mdomo nimkemee. Kisha nikamwona ananitazama kwa jicho ninalolijua, nikakumbuka yeye mwenyewe anaitwa nani.

Binti yangu anaitwa Nilofar. Na Nilofar, wasomaji wangu, alitoka katika Nikaah, picha ya mwaka 1982 ambayo Salma Agha aliicheza na kuiimba. Sisi tuliokulia Mji wa Kale tulikuwa watu wa foleni za Regal na Naaz. Ilipoingia video majumbani katika miaka ya themanini, hata wanawake wa Lamu na Mombasa ambao hawakuwa wakienda sinema waliwajua waigizaji wa Bombay kama wanavyowajua majirani. Nilipopata binti niliona hapana jina zuri kuliko hilo.

Mamangu, Mungu amrehemu, aliliposikia aliuliza, "Nilofari ni jina, ama ni dawa ya mba?" Alipoambiwa kwamba ni la mwanamke wa sinema aliyepewa talaka, alipiga kofi. "Umemtafutia mwanao talaka kabla ya mume!" Nikamweleza kwamba neno ni la Kiajemi, maana yake ni ua la majini, yungiyungi kwetu, na kwamba Nilofar wa picha ile mwishoni husimama mbele ya wanaume wawili akawaambia kuwa yeye si kitu cha kurudishwa na kupokewa. Mama hakuridhika. Akaenda kwa mwalimu wangu wa chuo, na mwalimu akamjibu kwamba maana ya jina haina kasoro, basi mwache kijana alee mwanawe. Hapo ndipo aliponyamaza.

Basi mtu wa namna hiyo atamkemea nani?

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni geni Pwani. Wazee wetu walitoa majina kwa siku na miezi, wakapata Juma na Khamis, Rajab na Shaaban, Mwanajuma na Mwanaidi. Wakarithisha majina ya babu na bibi. Lakini jina na umaarufu vilikutana zamani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Sauti yake ndiyo iliyomfanya aitwe Siti, yaani bibi mwenye hadhi, na kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Hakuna leo amkumbukaye kwa jina la Mtumwa.

Na dini yasemaje? Katika hadithi alizopokea Imamu Muslim imo kwamba majina apendayo Mwenyezi Mungu zaidi ni Abdullahi na Abdurahmani. Imo pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbadilisha mwanamke aliyeitwa kwa neno lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. Imamu Bukhari naye amepokea habari ya Hazn, ambaye jina lake lina maana ya ugumu. Mtume alimtaka awe Sahl, yaani wepesi. Hazn akakataa, akasema hataacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, akaja kusema kwamba ugumu ule haukutoka katika ukoo wao.

Ukiyatazama mambo haya, hutaona kwamba kila jina sharti liwe la Kiarabu. Kinachotazamwa ni maana. Wanazuoni wameharamisha jina la kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Mungu, na wamekataza lile ambalo ni alama ya ibada ya dini nyingine. Yaliyobaki yana nafasi. Mzazi aliyempenda Zinedine Zidane, aliyewafungia Wafaransa mabao mawili katika fainali ya Kombe la Dunia la 1998, akamwita mwanawe Zainuddin, amempa jina lenye maana ya pambo la dini. Mpira utasahauliwa, na mtoto hatapungukiwa na kitu.

Lakini Pooja ni neno la Kihindi la kuabudu miungu yao. Na Anjali, kwa Kisanskriti, ni viganja viwili vilivyounganishwa, kama Mhindu afanyavyo anapoamkia ama anapotoa maua hekaluni. Kwao ni jina la heshima, na hatuna ruhusa ya kulidharau. Mtoto wetu, hata hivyo, ataitwa kwalo katika safu za madrasa, naye hatakuwa na la kumjibu atakayemuuliza maana yake.

Sikumwambia binti yangu hayo kwa ukali. Nilimuuliza tu, "Mwanangu, ukienda dukani kununua leso, hutazama nini kwanza?"

Akacheka. "Jina."

Naam. Hakuna mwanamke wa Mombasa alipaye leso kwa kuvutiwa na maua yake tu. Huifunua, akasoma jina lililoandikwa chini, na likiwa baya huirudisha, hata rangi ikiwa nzuri vipi. Mtoto naye asomwe jina kabla hajavishwa.

Kisha nikamsimulia jambo ambalo hakulijua. Dilip Kumar alikuwa Yusuf Khan, mtoto wa mfanyabiashara wa matunda ambaye hakupenda sinema. Jina la Dilip alipewa kwa ajili ya picha yake ya kwanza, ya mwaka 1944. Madhubala aliitwa Mumtaz. Nargis aliitwa Fatima. Meena Kumari alizaliwa Mahjabin. Watu wale walikuwa na majina kama yetu, wakayaweka nyumbani ili wauzike sinemani, nasi huku tukakimbilia kuwavisha watoto wetu yale waliyovaa kazini. Dilip Kumar alifariki tarehe 7 Julai 2021, akazikwa katika makaburi ya Waislamu ya Juhu.

Binti yangu alikaa kimya kitambo, akimtazama mwana. "Mahjabin maana yake nini?"

"Ni Kiajemi. Mwenye paji la uso kama mwezi."

Mkwe wangu akaacha kuangalia dari.

Siku ya saba tulichinja akika, mtoto akanyolewa nywele, na jina likatangazwa kuwa ni Mahjabin. Sitawaficha wasomaji wangu kwamba sikuridhika kabisa. Moyoni nilikuwa nikitaka jina la mamangu, na hili, ukilichimbua, lingali na vumbi la sinema. Lakini maana yake ni njema, mama na baba wamelipenda, na hakuna atakayemtahayarisha mtoto kwa ajili yake.

Shangazi yangu mzee, aliyekuwa jikoni na masufuria ya pilau, alitoka akipangusa mikono, akauliza, "Majabini? Ndiyo nini hiyo?"

Binti yangu akanigeukia. "Baba, mweleze. Wewe umezoea."