Bastola si ya kutishia watu

WAFANYABIASHARA wa Busia na Malaba, pamoja na wanaorejea Kampala kutoka ughaibuni, wakumbuke: bila kibali cha Uganda, kuwa na bastola ni kosa. Hata mwenye kibali hana ruhusa ya kuwanyooshea watu ovyo.

Sheria inakubali kujitetea hatari ikiwa mbele yako, kwa nguvu isiyozidi hatari hiyo. Mwizi akishatimka, hatari imekwisha. Kumtishia mdeni kwa bunduki si kujitetea.

Novemba 2016, huko Lugogo, Kenneth Akena alipigwa risasi akafa, baada ya gari kukwaruzwa. Mathew Kanyamunyu alikiri kuua bila kukusudia; mwaka 2021 alifungwa miaka mitano na mwezi mmoja. Mkwaruzo hulipwa kwa fedha, roho hailipiki.