Nani Aliyeiziba Barabara?

Mwanafunzi wa sarufi anaijua tofauti kati ya "barabara imezibwa" na "barabara imezibika". Sentensi ya kwanza yadokeza kuwa yuko mtendaji, ingawa hakutajwa. Ya pili yamfuta kabisa. Wakubwa wetu wamebobea katika hiyo ya pili. Ratiba "imevurugika", ahadi "haikutekelezeka", na abiria angali amesimama kituoni.

Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji la Nairobi, watu walikanyaga lami kwa miguu kutoka Ngara na Muthurwa. Amri ile ilikuwa mbaya, lakini angalau ilikuwa na mwenyewe: umma ulipopiga kelele, Gavana Mike Sonko ilimbidi aisimamishe. Mwaka uo huo mistari myekundu ilipakwa katika Barabara Kuu ya Thika kutenga njia ya mabasi ya mwendo kasi. Rangi ilikuja, mabasi hayakuja. Nani aulizwe? Wizara? Kaunti? Au NaMATA, halmashauri ya uchukuzi iliyoundwa mwaka 2017, ambayo ndani yake mna serikali kuu na kaunti tano? Mtoto wa wote hao (si ajabu!) hulala njaa.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi hili: wachukue hotuba moja ya kiongozi kuhusu uchukuzi, wageuze kila kitenzi kiwe katika kauli ya kutenda, kisha waandike jina la mtendaji. Pengo litakalobaki bila jina wampelekee mbunge wao alijaze.