Kabla ya kupima maji ya ziwa, pitieni kwanza mkutano wa mtaa

Machi 2022 maji ya Mto Mara, eneo la daraja la Kirumi linalounganisha Butiama na Rorya, yaligeuka meusi na kunuka, samaki wakaelea wamekufa. Wananchi walizuiwa kuyatumia kwa muda. Wengi walinyooshea kidole mgodi wa dhahabu. Kamati ya serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Mabishano yakawa makubwa. Mwanakijiji aliyetaka kubisha, au kukubali, angehitaji kitu kimoja: daftari la vipimo vya miezi ya nyuma.

Mto huo unaingia Ziwa Victoria, na ziwa ndilo tunalokunywa. Bomba la Mugango–Kiabakari–Butiama linachota humo. Maji ya mji wa Bunda yanatoka Nyabehu. Bombani yanatibiwa, lakini mtoto anayeogelea Makoko au anayechota kwa ndoo hana mtambo wa kumkinga.

Kupima si kazi ngumu. Sahani ya sentimita 20 iliyopakwa nyeusi na nyeupe inashushwa kwa kamba yenye alama hadi isionekane. Kina hicho kinaandikwa, pamoja na tarehe, joto, rangi na harufu. Huko Michigan, Marekani, wakazi wa kando ya maziwa wanajitolea kufanya hivyo tangu 1974. Sahani haioni vijidudu wala kichocho, hiyo ni kazi ya maabara. Ila inaonyesha mapema maji yanapobadilika, ili mjue lini pa kupeleka sampuli.

Kinachoua kazi hii ni kuanza kimyakimya. Watu wawili wakionekana na kamba mwaloni, uvumi unatangulia: wanataka kufunga mwalo, wataharibu bei ya samaki. Hofu hiyo ina msingi, msiidharau. Mwoneni mwenyekiti na mtendaji mapema, jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Kijijini mkutano huo ni kila miezi mitatu, hivyo ukikosa mmoja umepoteza msimu. BMU washirikishwe kabla ya siku hiyo, kwa kuwa mtumbwi ni wao. Nendeni na sahani yenyewe, watu waishike. Kwa maoni yangu inashawishi kuliko hotuba.

Ombeni mambo machache yaandikwe kwenye muhtasari: nani anapima, daftari linakaa wapi, matokeo yanabandikwa kwenye ubao wa ofisi, na nani anapiga simu mamlaka ya maji mambo yakiharibika. Bila hilo la mwisho, daftari ni karatasi tu.

Wapimaji wawe watu wazima, wapime wakiwa ndani ya mtumbwi. Konokono wa kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na vimelea hupenya ngozi.

Mzazi, maji yakiwa ya kijani kizito kama rangi iliyomwagika, usiyachemshe ukidhani yamepona. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi sumu ya mwani. Mtoto akitapika, akiharisha au akitoka vipele baada ya kuogelea, au ukiona damu kwenye choo chake hata wiki kadhaa baadaye, mpeleke zahanati na umweleze mganga aliogelea wapi na lini.